Ugonjwa Ukitulia, Dawa Nayo Ipungue Lini?

Katika lugha yetu ugonjwa huu huitwa baridi yabisi. Jina hilo ni kongwe, na ndani yake mna nadharia nzima ya tiba ambayo Waarabu waliipokea kwa Wayunani na ikafika hadi pwani yetu: kwamba mwili wa binadamu hutawaliwa na joto na baridi, unyevu na ukavu, na kwamba maradhi huzuka pale kimojawapo kinapokithiri. Viungo vikivimba na kukakamaa, ilisemekana baridi imeingia na ukavu umeshika. Nadharia hiyo imekwisha kupitwa na wakati, lakini jina limebaki, na bado wazee wetu humhimiza mgonjwa avae soksi na asioge maji ya alfajiri.

Jina hilo hutumika kwa maradhi mengi ya viungo. Mimi hapa nakusudia ugonjwa mmoja tu: ule ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu vitokavyo nje, hugeuka na kuushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Vidole, vifundo vya mikono, magoti na nyayo huvimba pande zote mbili za mwili. Asubuhi mgonjwa huamka amekakamaa kama gogo. Ugonjwa ukiachwa bila tiba, utando ule uliovimba hula gegedu na mfupa, hata vidole vikapinda visinyooke tena. Na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi. Hilo la mwisho ndilo linalolifanya swali langu kuwa zito.

Nimeishi na ugonjwa huo miaka kumi na miwili. Kwa miaka miwili na ushei sasa umetulia. Namshukuru Mungu, na nawashukuru waliobuni methotreksati, ambayo naimeza mara moja kwa juma, vidonge vinane vya miligramu 2.5 kila kimoja. Majuzi daktari wangu, kijana ambaye umri wake ni sawa na wa wanafunzi wangu wa mwisho, aliniuliza, "Mwalimu, unaonaje tukianza kupunguza dawa?" Alisema nisijibu siku ile, nikafikiri, nikasome, nirudi.

Msomaji asidhani hili ni jambo dogo. Mwaka wa kwanza wa ugonjwa sikuweza kushika chaki. Sikuweza kukamua nguo wala kufunga khanga, na mdogo wangu ndiye aliyenichana nywele. Ugonjwa ukirudi, hayo yote yaweza kurudi. Kwa upande wa pili, dawa si chakula. Kila baada ya miezi mitatu natolewa damu ili ini na chembe za damu zipimwe. Siku inayofuata vidonge moyo hunichafuka. Na kinga iliyopunguzwa makali kwa ajili ya viungo hupungua makali hata mbele ya kifua kikuu na maradhi mengine. Kumeza dawa nyingi kuliko inavyohitajika ni hasara, na kumeza chache kuliko inavyohitajika nako ni hasara. Mpaka kati ya hasara hizo mbili haujaandikwa popote mwilini.

Nilifundisha historia kwa muda mrefu, na nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba swali likiwatatiza, waulize lilianza lini. Basi nami nikafanya hivyo.

Maelezo ya kwanza ya kitabibu yanayotambuliwa na wengi kuwa ya ugonjwa huu yaliandikwa Paris mwaka 1800 na daktari kijana, Augustin Jacob Landré-Beauvais, aliyewachunguza wanawake maskini katika hospitali ya Salpêtrière. Yeye alidhani ni aina ya jongo, yaani ule ugonjwa wa vidole vya miguu uliohusishwa na matajiri na meza zao. Mwingereza Alfred Garrod, ambaye mwaka 1848 alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba damu ya mwenye jongo imejaa asidi ya mkojo, ndiye aliyeutenga ugonjwa wetu na jongo na kuupa jina lake la kitaalamu mwaka 1859. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza dawa ipunguzwe lini. Dawa yenyewe haikuwapo. Kulikuwa na maji ya moto, mapumziko, na baadaye aspirini, ambayo hupunguza maumivu bila kuuzuia mfupa usiliwe.

Ili swali langu liweze kuulizwa, ilibidi kwanza watu waamini kwamba ugonjwa huu unaweza kutulia. Imani hiyo ilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1929, katika Mayo Clinic huko Marekani, daktari Philip Hench alimwona mgonjwa ambaye, alipopatwa na umanjano, viungo vyake vilipoa na kubaki hivyo kwa majuma kadhaa hata baada ya umanjano kwisha. Hench hakulipuuza jambo hilo. Alianza kukusanya visa, akaona kwamba wanawake wengi wenye ugonjwa huo hupata nafuu wakiwa wajawazito, kisha hurudiwa na ugonjwa baada ya kujifungua. Akakata shauri kwamba mwilini mwenyewe mna kitu chenye uwezo wa kuuzima moto huu, na akatumia miaka karibu ishirini kukitafuta pamoja na mkemia Edward Kendall.

Tarehe 21 Septemba 1948 walimdunga mgonjwa wa kwanza, mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa hajiwezi, kitu ambacho baadaye kiliitwa kortisoni. Baada ya siku chache alikuwa akitembea. Habari zilipotangazwa mwaka 1949 dunia ilishangilia, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini mambo mawili yalikuwa yamekwisha kujitokeza. Kwanza, kipimo kikubwa kikitumika kwa muda, uso huvimba ukawa duara, mifupa hulegea, sukari hupanda. Pili, sindano zilipokoma, ugonjwa ulirudi. Aidha, tezi zilizo juu ya figo, ambazo hutengeneza kitu hicho kwa kawaida, husinzia pale mwili unapoletewa kutoka nje, na dawa ikikatwa ghafla mgonjwa anaweza hata kufa. Ndipo madaktari walipojifunza kushuka kidogo kidogo. Nadhani hapo ndipo historia ya kupunguza dawa ilipoanza, na ilianza kwa hofu.

Dhahabu inatoa somo la aina nyingine. Robert Koch alikuwa ameona mwaka 1890 kwamba sianidi ya dhahabu huzuia bakteria wa kifua kikuu wasikue. Jacques Forestier wa Ufaransa, akidhani baridi yabisi ina undugu na kifua kikuu, alianza kuwadunga wagonjwa wake chumvi za dhahabu na kutoa taarifa mwaka 1929. Dhana yake haikuwa sahihi, lakini wagonjwa wengi walipata nafuu. Jaribio kubwa la Empire Rheumatism Council la Uingereza, lililochapishwa mwaka 1960 na 1961, lilithibitisha faida hiyo. Wagonjwa walipewa mfululizo mmoja wa sindano, kisha zikasimamishwa. Nafuu haikukatika siku ile. Ilikaa miezi mingi, ndipo ikafifia. Hapa pana hatari ambayo kortisoni haina. Kortisoni ikipungua, mgonjwa huambiwa na mwili wake mapema. Dawa inayofanya kazi polepole huondoka nayo polepole, na anayeiacha anaweza kutembea miezi kadhaa akijisifu kwamba hakuihitaji.

Methotreksati ni dawa ya namna hiyo. Asili yake ni tiba ya saratani: mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba ndugu yake wa kikemia, aminopterini, iliwapa nafuu ya muda watoto wenye saratani ya damu, na mwaka 1951 Richard Gubner na wenzake wakaijaribu kwa wagonjwa wa viungo kwa kiasi kidogo. Wakati huo macho ya wote yalikuwa kwa kortisoni, na habari hiyo ikalala. Iliamshwa kwa nguvu katika miaka ya 1980. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1985 yaliondoa shaka, na Marekani ikaidhinisha matumizi yake kwa baridi yabisi mwaka 1988. Mwaka 1987 Joel Kremer na wenzake walikuwa wamekwisha kuonya kwamba wagonjwa wachache waliosimamishwa dawa hiyo baada ya kuitumia kwa muda mrefu walirudiwa na ugonjwa kwa ukali. Sitaki kupita hapa bila kukumbusha jambo moja: dawa hii kwa ugonjwa wetu humezwa mara moja kwa juma. Anayeimeza kila siku kwa kutoelewa hujitia sumu.

Kadhalika klorokwini, ile chungu tuliyonyweshwa utotoni kwa ajili ya malaria, ina nasaba humu. Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikwisha kuizoea; lakini ndugu yake, haidroksiklorokwini, bado inatibu viungo, mradi macho ya mgonjwa yapimwe.

Sasa turudi kwenye neno lenyewe, kutulia. Kwa miaka mingi kila daktari alilipima kwa jicho lake. Mwaka 1981 Robert Pinals na wenzake waliweka vigezo sita, miongoni mwavyo kwamba kukakamaa kwa asubuhi kusizidi dakika 15, kusiwe na uchovu, maumivu wala uvimbe; mgonjwa atimize angalau vitano kwa miezi miwili mfululizo. Mwaka 2011 vyama vya madaktari wa viungo vya Marekani na Ulaya vilikubaliana juu ya kipimo kipya: kiungo chenye maumivu kisizidi kimoja, kilichovimba kisizidi kimoja, kipimo cha damu cha uvimbe kiwe cha chini, na mgonjwa mwenyewe, akiulizwa kwa alama kutoka 0 hadi 10, asitaje zaidi ya 1. Mwaka 2022 alama hiyo ya mgonjwa ililegezwa ikawa 2, kwa kuwa wengi walioshindwa kufikia 1 walishindwa kwa sababu nyingine za maisha, si kwa uvimbe.

Walakini hata kipimo hicho hakioni kila kitu. Hesabu ya viungo 28 inayotumika sana haihesabu nyayo. Na mwaka 2006 watafiti wa Leeds huko Uingereza walionyesha kwamba wagonjwa wengi waliohesabiwa kuwa wametulia walikuwa bado na uvimbe ndani ya viungo, ukionekana kwa mashine za picha. Wazee wetu wanaujua moto wa makumbi: juu ni majivu, chini unakula. Nilipousoma utafiti huo nilielewa kwa nini daktari wangu, kabla ya kuzungumzia kupunguza, alikuwa ametaka nikapigwe picha ya mikono, na pia aliniminya nyayo moja baada ya nyingine.

Swali langu lilipata jaribio lake kubwa la kwanza mwaka 1996. Huko Uholanzi Saskia ten Wolde na wenzake waliwachukua wagonjwa 285 waliokuwa wametulia kwa dawa za polepole, nusu wakaendelea na dawa zao na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa, pasipo mgonjwa kujua yumo kundi gani. Baada ya mwaka mmoja, ugonjwa uliwarudia asilimia 38 ya walioachishwa, na asilimia 22 ya walioendelea. Takwimu hizo ni za kukaa nazo. Wanaoogopa kupunguza huishika ile 38. Lakini tazama: wengi wa walioachishwa hawakurudiwa mwaka huo, na miongoni mwa walioendelea na dawa kwa uaminifu, zaidi ya mtu mmoja kwa kila watano alirudiwa hivyo hivyo. Dawa haikuwa ngome, wala kuiacha hakukuwa hukumu.

Kisha zikaja dawa mpya za sindano zitokanazo na kazi ya Marc Feldmann na Ravinder Maini, ambao mwaka 1992 huko London walianza kuwatibu wagonjwa kwa kuzuia protini moja inayochochea uvimbe. Zilipata idhini kuanzia mwaka 1998, na bei yake kubwa ilizifanya hata nchi tajiri ziulize kama zaweza kupunguzwa. Jaribio lililoitwa PRESERVE, lililotangazwa mwaka 2013, liliwagawa watu 604 waliokuwa wakitumia etanercept pamoja na methotreksati. Waliobaki na kipimo kamili, asilimia 82.6 waliendelea vizuri. Waliopewa nusu, asilimia 79.1; walioondolewa etanercept kabisa, asilimia 42.6. Yaani kati ya kamili na nusu palikuwa na hatua ndogo, na kati ya nusu na kuacha palikuwa na korongo. Mwaka 2015 Waholanzi wa Nijmegen walitumia njia nyingine: badala ya kumpangia kila mtu kipimo kimoja, walirefusha siku kati ya sindano hatua kwa hatua, na ugonjwa ukichokoza wakarudi nyuma. Baada ya miezi 18, asilimia 20 ya waliopunguziwa walikuwa wameacha kabisa, asilimia 43 walikuwa wamepunguza, na asilimia 37 hawakuweza kupunguza. Mtu hakuweza kujua yumo fungu lipi mpaka ajaribu.

Hizo ni sindano ambazo wengi wetu huku huzisikia tu. Lililonigusa zaidi ni jaribio la Norwei lililochapishwa mwaka 2021, kwa kuwa lilihusu vidonge kama vyangu. Wagonjwa waliokuwa wametulia kwa mwaka mmoja au zaidi waligawanywa: wengine wakabaki na kipimo chao, wengine wakapunguziwa hadi nusu. Mwaka ulipokwisha, ugonjwa uliwarudia asilimia 6 ya waliobaki na asilimia 25 ya waliopunguziwa. Robo nzima. Aidha, tafiti za Ujerumani zimeonyesha kwamba wenye vile viwiliwili vya kinga dhidi ya mwili wenyewe katika damu yao hurudiwa zaidi wanapopunguza. Mimi ninavyo, vilionekana mwaka wa kwanza.

Kutokana na hayo yote miongozo imejengwa, nayo ni ya tahadhari. Ule wa Marekani wa mwaka 2021 unataka mgonjwa awe ametulia angalau miezi sita kabla ya kugusa chochote, na unapendelea kubaki na kipimo kuliko kupunguza, kupunguza kuliko kuacha polepole, na kuacha polepole kuliko kukata ghafla. Ule wa Ulaya wa mwaka 2022 unataka steroidi ziondoke kwanza, ndipo dawa nyingine zizungumzwe. Predinisoloni yangu niliiacha miaka miwili iliyopita, nusu kidonge baada ya nusu kidonge.

Lakini kuna jambo ambalo miongozo hiyo, iliyoandikwa Ulaya na Marekani, hailisemi kwa kuwa haikuliona. Katika benchi la kliniki ninakokaa, wengi hawapunguzi dawa, wanapunguziwa. Duka la dawa linaishiwa, bei inapanda, ada ya shule inadaiwa, nauli ya kwenda mjini kumwona mtaalamu haipo, na mgonjwa hugawa vidonge vinane vya juma moja vikawa vya majuma mawili. Hapati kipimo cha damu, wala hapati wa kumwambia kwamba kuvimba kwa kidole cha kati ni dalili. Huko nako ni kupunguza, ila kunaamuliwa na mfuko. Nimewasikia wakina mama wakisema, "Niliacha mwenyewe, nikaona sina neno," na ninakumbuka zile sindano za dhahabu ambazo nafuu yake ilichelewa kuondoka. Kwa hiyo najua kwamba kuulizwa unaonaje, na kupewa muda wa kufikiri, ni neema ambayo wenzangu wengi hawaipati.

Nimekwisha kuamua. Nusu ya dawa, kama walivyojaribu Norwei, sitaki. Nina vile viwiliwili katika damu, na mikono yangu ndiyo inayoniendesha. Kubaki na vinane milele pia sitaki, kwa kuwa vipimo vya ini vimeanza kupanda kidogo, na picha ya mikono haikuonyesha moto chini ya majivu. Nimekubaliana na daktari tushuke kutoka vinane hadi saba, tukae miezi mitatu, tupime damu na kuhesabu viungo pamoja na nyayo. Mambo yakiwa mema tushuke hadi sita, na hapo tusimame mwaka mzima. Tumeandika kabisa, kabla ya kuanza, ni dalili zipi zitakazoturudisha juu bila mjadala: viungo viwili kuvimba, au kukakamaa asubuhi kupita nusu saa kwa juma zima. Nilitaka iandikwe mapema kwa sababu najijua. Ugonjwa ukianza kunyemelea nitatafuta visingizio vya mvua na kazi nyingi. Na vile vidonge viwili vya ziada sitavitoa nyumbani. Vitakaa akiba, maana walioshuka Uholanzi walifaulu kwa kuwa waliweza kupanda tena siku ile ile walipohitaji.

Msomaji mwenye ugonjwa huu asinakili hesabu yangu. Aangalie miezi yake ya utulivu, damu yake, picha zake, na kama dawa itapatikana atakapoihitaji tena. Kisha akae na daktari wake waandike mpango wao kabla kidonge cha kwanza hakijapunguzwa. Mimi naanza Ijumaa ijayo, na vidonge saba.